Damu Iliyofagiwa kwa Ajili ya Mgeni

Jumatano, Garsen. Alasiri. Joto zito, upepo hakuna.

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi ni hili: ikiwa vita vyenyewe vinapiganwa ndani ya ini, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika mtoto akiwa hai, nitajuaje ni nani aliyeshinda? Nimelijibu swali hilo mara nyingi, katika mitihani, katika tasnifu, mbele ya wasimamizi waliokunja mikono. Kila mara jibu langu lilikuwa lile lile: damu itatuambia. Damu ikiwa haina vimelea, ini limeshinda.

Leo sina jibu hilo tena.

Hii ni siku ya nne Hamaro amelala hospitalini. Ana miaka mitatu. Hamaro si jina lake. Nimelibadili, na mama yake ameniruhusu niandike habari hizi mradi nisikitaje kijiji chao, kwa sababu vijana wa huko huusoma ukurasa huu kwenye simu zao. Jumapili asubuhi na mapema alivushwa mto kwa mtumbwi akiwa na degedege. Degedege ilikatika siku ile ile, lakini mtoto hajaamka. Anapumua. Analishwa uji kwa mpira mwembamba unaopita puani. Ukimfinya kidole anakivuta. Macho yake yako nusu wazi, na hayamtazami mtu.

Mimi ndiye niliyemwambia mama yake, takriban wiki mbili kabla ya hapo, kwamba damu ya mtoto ni safi.

Kwa wanaofika hapa kwa mara ya kwanza, nieleze kazi yangu. Nimo katika utafiti wa chanjo ya malaria. Si daktari wa wagonjwa, ingawa kijijini huniita daktari. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha, kisha nikachoka. Na nikisema kweli, sikuwa nimechoka sana. Lilikuwa jina tamu.

Mbu anapomuuma mtoto, huacha chini ya ngozi vimelea vichache, vyembamba mno. Havikai katika damu. Vinakimbilia ini, kila kimoja kinaingia katika seli moja, na humo vinatulia. Kwa takriban wiki nzima mtoto haonyeshi dalili yoyote. Hana homa, hatapiki, anakimbiza kuku kama kawaida. Ndani ya ile seli moja, kimelea kimoja kinagawanyika na kugawanyika tena hadi kinakuwa maelfu. Kisha seli inapasuka, maelfu hayo yanamwagika katika damu, na ndipo unapoanza ugonjwa ambao kila mama wa mto huu anaujua. Chanjo tunayoifuatilia imekusudiwa kuufundisha mwili uvikamate vimelea kabla ya kupasuka huko. Ndiyo sababu niliipenda hatua ya ini kuliko nyingine zote. Ni wiki ambayo mtoto anaweza kuokolewa bila yeye wala mzazi wake kujua kwamba alikuwa hatarini.

Lakini hakuna awezaye kulichungulia ini la mtoto mzima anayecheza. Kwa hiyo sisi tunakaa mlangoni na kungoja kitakachotoka. Kila mwezi nilivuka mto na darubini yangu ndani ya sanduku lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, nikawachoma watoto vidole, nikapaka tone la damu juu ya kioo, nikalitia rangi, nikasoma. Rangi haiharakishwi. Wakati ikikauka, akina mama walikaa katika banda la mikutano wakisubiri, na nilipomaliza nilisoma majina na matokeo.

Sasa nafika penye kosa langu.

Mwezi wa kwanza, mtoto wa kwanza alipoonekana hana vimelea, nilisema kwa sauti, “Damu safi!” na nikapiga makofi. Hakuna aliyeniagiza. Katika mwongozo wa utafiti hakuna neno makofi. Nilikuwa na furaha tu, na nilitaka akina mama waliokuwa wamenikodolea macho ya woga wafurahi pamoja nami. Wakaitikia kwa vigelegele. Wale ambao watoto wao walikutwa na vimelea walipewa dawa hapo hapo, kama inavyotakiwa, lakini hawakupigiwa makofi. Walichukua dawa zao wakaondoka kwa kupitia nyuma ya banda.

Niliwaona wakipita nyuma. Sikujiuliza kwa nini.

Mwezi uliofuata akina mama walikuja wamevaa leso mpya, na watoto wamepakwa mafuta hadi magoti yanang'aa. Mzaha ulikuwa mwingi siku hiyo.

“Leo wako atafeli, nakuambia,” Mama Jilo alimchokoza jirani yake. Mama Jilo ndiye msemaji wa wote pale, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha kuvuka mto. “Jana nimemwona anakula udongo.”

“Afeli nani? Huyu wangu namba wani tangu tumboni! Mwangalie wako, macho kama kuku aliyenyeshewa.”

“Kuku aliyenyeshewa ndiye anayetaga, mwenzangu.”

Mama Hamaro, ambaye ni mpole na husema mara moja kwa siku, alifunga leso yake vizuri akasema, “Sisi hatuna wasiwasi. Tumeshadurusu.”

Banda zima lilicheka. Mimi pia nilicheka. Nimelirudia neno hilo kichwani siku nne hizi, na kila nikilirudia nakuta jambo lile lile: nililisikia vizuri, nikaona kwamba lina kitu ndani yake, nikaliacha lipite. Vioo vilikuwa vinapendeza. Mwezi baada ya mwezi idadi ya watoto wenye vimelea ilikuwa ikishuka, katika msimu ambao mto umejaa, vidimbwi viko kila mahali, na mbu huingia hata kwenye kikombe cha chai. Mwanasayansi aliyefundishwa kutilia shaka alipaswa kusimama pale na kuuliza. Mwanasayansi huyo alikuwa akifikiria namna atakavyowaonyesha wakubwa wake mchoro wa mstari unaoshuka.

Jumapili nilipofika wodini, bibi yake Hamaro, mama wa mama yake, alinivuta pembeni. Alifungua pindo la leso yake, akanitolea kipande cha karatasi ya dawa iliyokatwa kwa makasi. Zilikuwa tembe za malaria za mtoto, zile za moja asubuhi na moja jioni kwa siku tatu. Zilibaki tatu. Alitaka nimuulize muuguzi kama mtoto amaliziwe hizo.

“Hizi tatu nyingine mlimpa lini?” nikamuuliza.

“Jioni, asubuhi, na jioni. Kabla hujaja wewe kupima.”

“Alikuwa na homa, bibi?”

“Homa gani? Hakuwa na kitu. Ulikuwa unakuja wewe.”

Nadhani alisoma uso wangu, kwa sababu aliongeza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi, “Mwanangu, mgeni akija si unafagia ua? Tungekuacha uone uchafu wetu?”

Nilikaa chini, sakafuni, miguuni pa kitanda.

Laiti ningekuwa mgeni wa kweli, aliyetoka mbali, ningekuwa na la kujitetea. Lakini nimezaliwa Hewani, kijiji cha mto huu huu. Nimeufagia ua huo kwa mikono yangu mwenyewe. Najua kwamba kwetu mgeni akitajwa, ua hufagiwa hadi mistari ya ufagio ionekane mchangani, chungu kikuu hugeuzwa upande usio na ufa, na mtoto mwenye kikohozi hupelekwa kwa jirani. Hatumdanganyi mgeni. Tunampa heshima. Nilipaswa kujua kwamba watu hawa, wakiambiwa kuwa mtu anavuka mto kila mwezi kuja kuitazama damu ya watoto wao na kwamba hufurahi anapoikuta safi, watampa furaha hiyo kwa njia yoyote iliyo mkononi. Njia iliyokuwa mkononi ni tembe zilizobaki baada ya homa za nyuma, homa iliposhuka kabla ya dozi kwisha, au dozi iliyowekwa akiba bila kuanzwa. Kila nyumba inazo. Kwetu pia zilikuwepo, ndani ya kopo la majani ya chai.

Sasa tazama kilichotokea kwa Hamaro, au kile ninachodhani kilitokea. Sina hakika hata hapo. Tembe tatu ni nusu ya dozi. Zinatosha kuvipunguza vimelea vya damu hadi jicho la darubini lisivione. Hazitoshi kuvimaliza, na vile vilivyojificha katika ini havifikiwi na dawa hiyo. Nikasoma kioo, kikawa kitupu, nikatangaza. Kile kioo hakikusema uongo. Wala mimi sikusema uongo.

Siku kadhaa baadaye, Alhamisi, mtoto alipata homa. Mama yake hakumpeleka popote. Alimkanda kwa maji, akampa chai ya tangawizi.

“Nilijua ni mafua,” aliniambia. “Daktari mwenyewe alikuwa amesema damu safi.”

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tatu ambazo tiba ingekuwa rahisi. Kila mara bibi alipotaka wamvushe mto, mama alikuwa na neno langu la kumjibu. Nimejaribu kujiambia kwamba tiba ingeweza kucheleweshwa na mambo mengine: mvua, ukosefu wa mtumbwi, kazi ya shamba la mpunga. Lakini hakukuwa na mvua, na mtumbwi ulikuwepo. Kilichowazuia ni imani yao kwangu.

Jumatatu nilimpigia simu Mama Jilo. Nilimuuliza moja kwa moja kama na wengine waliwapa watoto tembe kabla ya siku ya kupima. Kwanza alicheka.

“Daktari,” akasema, “kwani wewe ulidhani watoto wa hapa, na mbu hawa, wangekuwa safi hivi hivi tu?”

“Kwa hiyo ni wote?”

“Si wote. Wengine hawakuwa na dawa nyumbani. Ndio hao waliofeli.”

Niliomba radhi, nikakata simu.

Ndio hao waliofeli. Kwa miezi kadhaa nilidhani napima nguvu ya chanjo dhidi ya kimelea kilichomo katika ini. Huenda nilikuwa napima ni nyumba ipi ina tembe zilizosalia kwenye kopo. Na wale waliopitia nyuma ya banda, wakiinamisha vichwa, ndio pekee walionionyesha damu yao kama ilivyo.

Hapa ni lazima nijizuie, maana kukata tamaa nako kuna uvivu wake. Humfanya mtu aruke kutoka kosa moja hadi kwenye hitimisho kubwa. Sijasema kwamba chanjo haifai. Nawaomba msitoke hapa mkasema hivyo, wala msimzuie mtoto yeyote kupata chanjo anayoitiwa kliniki. Inawezekana kabisa kwamba watoto wengi wa kijiji kile walikuwa wamekingwa kweli, na tembe zilifagia ua ambao tayari ulikuwa safi. Inawezekana Hamaro mwenyewe hakuwa na kimelea hata kimoja siku ile, na aliumwa na mbu wengine baadaye, wengi kuliko mwili wake ulivyoweza kuwazuia. Inawezekana pia kwamba vimelea viliipenya chanjo, vikaingia katika ini, vikatoka, vikapunguzwa na nusu dozi, na vikarudi na nguvu mpya. Hadithi zote hizo zinaishia kitandani pale pale. Nikizipanga mbele yangu, siwezi kuchagua hata moja kwa haki. Tulihifadhi vioo tu. Kioo kinaonyesha vimelea. Hakionyeshi kama kulikuwa na dawa.

Jana niliandika ripoti. Niliiandika mara tatu. Katika ya kwanza, kosa lilikuwa la akina mama: “washiriki walitumia dawa bila kutoa taarifa.” Sentensi nzuri, safi, ya kitaaluma, na ya aibu. Katika ya pili nilijibebesha kila kitu, hadi nikagundua kwamba naomba kuhurumiwa. Ya tatu ilisema tu kilichofanyika: kwamba niliyasoma matokeo hadharani, kwamba nilipiga makofi, kwamba nilisikia neno la kudurusu nikalicheka, na kwamba familia zilifanya kile ambacho mwenendo wangu uliwafundisha kufanya. Nimeituma leo mchana, kabla ya kuandika hapa, nisije nikabadili nia.

Je, ningeituma kama Hamaro asingeugua?

Sijijibu swali hilo kwa sababu nalijua jibu.

Mkuu wa utafiti amenijibu kwa upole, na upole wake umeniuma zaidi kuliko ukali. Matokeo yote ya kijiji kile yatawekwa kando mpaka yachunguzwe. Ijumaa nitavuka mto na mwenzangu mmoja tuwaeleze akina mama, kwanza kuhusu nusu dozi na hatari yake, kisha kuhusu kosa langu. Naogopa siku hiyo. Siogopi wanikasirikie, naogopa wasinikasirikie. Naogopa kukuta ua umefagiwa.

Leo saa sita nilikuwa wodini. Muuguzi alikuwa amepokea kipimo kipya cha damu ya Hamaro na akanionyesha karatasi. Hakuna vimelea. Sindano zimefanya kazi yake. Mama Hamaro aliniona nikiisoma, akasimama.

“Inasemaje, dada?”

Tangu Jumapili ameacha kuniita daktari. Sijui kama ni hasira au ni ukaribu.

Nilitafuta maneno mengine. Nilimwambia kwamba wadudu wameisha katika damu, lakini kwamba kuisha kwao si sawa na kupona, na kwamba tungoje. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia, ingawa mimi ndiye niliyewafundisha akina mama wale, kwa michoro ya makaa kwenye ubao, kuhusu safari ya kimelea.

“Na ini lake?”

“Ini lake liko sawa. Vimelea viliziba mishipa midogo ya kichwani. Ndiyo maana hajaamka.”

Alimtazama mtoto, akamfunika miguu.

“Kumbe,” akasema. “Wewe ulikuwa unaangalia ini, nao wakapanda kichwani.”

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Alikuwa anaelewa tu, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi mzuri. Bibi, aliyekuwa amekaa upande wa pili akimpepea mjukuu wake kwa kipande cha boksi, alisema, “Mwache dada yako akae, amechoka.” Akanisogezea kiti chake. Nilikikalia, kwa kuwa sikujua namna ya kukikataa bila kumvunjia heshima, na bibi mwenye umri wa kunizaa mara mbili akaendelea kupepea akiwa amesimama.

Nilipotoka, nilimfuata daktari wa zamu kwenye ujia. Nilimuuliza kama Hamaro ataamka, na akiamka, kama ataona, kama atasema.

“Wengi huamka,” akanijibu, akiwa na haraka, lakini si kwa ubaya.

Wengi. Nimeishi na neno hilo maisha yangu yote ya kitaaluma. Nimeliandika, nimelitetea, nimewafundisha wengine maana yake halisi na mipaka yake. Ndilo neno la uaminifu kuliko yote tuliyo nayo, na daktari yule alinipa ukweli kama mimi nilivyompa Mama Hamaro ukweli. Lakini nilisimama pale nikiwa nimelishika, na halikunisaidia kitu, kwa sababu mtoto aliye ndani hayuko katika wengi wala katika wachache mpaka siku atakapofumbua macho au atakapokosa kuyafumbua.

Basi haya ndiyo ninayoyaacha bila jibu. Sijui kama chanjo ilimlinda Hamaro hata siku moja. Sijui kama kijiji kile kilikingwa au kilifagiwa tu. Sitajua, kwa kuwa siku ambayo damu ingeweza kunijibu, watu wanaonipenda walikuwa wameshaitayarisha, na ninapowauliza sasa ni tembe ngapi na siku gani, wananipa jibu wanalodhani litanipunguzia huzuni. Na sijui kama ataamka. Hilo la mwisho halina kipimo, halina kioo wala rangi. Lina kungoja tu, na mimi sikufundishwa kungoja bila kalamu mkononi.

Nitakwenda wodini asubuhi, kabla ya ofisi. Nitambebea bibi kiti cha pili.